Jiko dogo kwenye mtungi mkubwa: namna ya kujua kosa liko wapi

Simu nyingi ninazopokea huingia siku ile ile mtungi mkubwa umefika nyumbani. Mtu alikuwa na mtungi wa kilo 6 wenye jiko la kukaa juu yake, kapikia miaka miwili bila shida. Familia imeongezeka, au kafungua kibanda cha chapati, basi kanunua wa kilo 15, au kajitosa kabisa kwenye wa kilo 38. Jioni anapiga: fundi, jiko haliwaki. Au: fundi, moto unagusa bati. Au, na hii ndiyo inayonifanya niache ugali mezani: fundi, kuna harufu.

Karibu kila mara mtungi wenyewe hauna neno. Kosa liko katikati, pale kati ya mdomo wa mtungi na nozeli ya jiko: regulata, mpira, klipu, nati. Watu wanachagua mtungi kwa makini, jiko wanalichagua kwa makini zaidi, halafu vya katikati vinaokotwa duka la vifaa vya ujenzi kwa chenji iliyobaki.

Naomba uelewe jambo moja kabla hatujaanza kupekua, maana nusu ya matatizo yote humu yanatoka hapo. Gesi ya mitungi ni propani na butani zilizochanganywa, zikashindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Ndani ya mtungi presha inahesabiwa kwa baa: propani tupu kwenye joto la nyuzi 25 inasukuma kwa baa 8 na nusu hivi, butani peke yake chini sana ya hapo, na mchanganyiko wetu unaangukia katikati. Jiko la kawaida la pleti mbili limetengenezwa kupokea takriban milibaa 30, yaani baa 0.03. Kinachoshusha presha kutoka kule hadi huku ni regulata. Lile jiko linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 halina regulata kabisa. Linapokea presha ya mtungi ilivyo, linaipitisha kwenye tundu la nozeli jembamba kama ncha ya sindano, na koki yake ndiyo inayopunguza. Kwa macho majiko hayo mawili yanafanana. Kwa tabia ni kama taa ya tochi na taa ya umeme wa nyumba. Usijaribu kuviazimishana vifaa.

Kuna harufu ya gesi

Hii haina kusubiri, soma kwanza hata kama tatizo lako ni lingine.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitunguu kilichooza imetiwa makusudi ili tuishtukie. Gesi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa chini: sakafuni, chini ya kitanda, kwenye chemba, kwenye mfereji wa mbele ya nyumba. Mtu mrefu aliyesimama anaweza asisikie kitu wakati mtoto anayetambaa amezungukwa nayo.

Zima kila moto, na jiko la mkaa la jirani likiwa dirishani mwambie naye. Funga mtungi. Fungua mlango na madirisha, kisha tokeni wote. Usiguse swichi ya taa wala feni, si kwa kuwasha, si kwa kuzima, maana zote mbili zinatoa cheche. Simu piga ukiwa nje. Mkirudi, inama unuse chini, usinuse kwa urefu wako.

Harufu ikiisha kabisa ndipo unatafuta tundu, na unatafuta kwa povu. Chukua sabuni ya unga, maji kidogo, piga mpaka iwe nzito kama ya kufulia shuka. Funga koki zote za jiko, fungua mtungi, kisha paka povu kwa sponji kuanzia mdomo wa mtungi kwenda kwenye jiko. Panapovuja povu litavimba mapovu yanayokua na kupasuka. Nilimkuta kijana wa duka akipima mtungi kwa kiberiti cha gesi mbele ya mteja, na mitungi kama thelathini imepangwa nyuma ya mgongo wake. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, ikivuja unaona kamwali kadogo tu." Niliondoka dukani bila kuchukua kilichonipeleka.

Mapovu utayakuta wapi? Nakupangia kwa uzoefu wangu, kuanzia pa kawaida zaidi.

Regulata haijakaa. Zile za kubonyeza ukasikia "tak" zina ukubwa tofauti. Milimita 20, 22 na 27 zote zinazunguka sokoni. Ya 22 kwenye mdomo wa 20 inaweza kukaa kama imekaa, na gesi ikatoka kidogo pembeni. Ivue, iweke tena, kisha jaribu kuivuta juu kwa mkono bila kufungua kishikio. Ikitoka au ikicheza sana, si yake. Usilazimishe, usifunge kwa kamba. Dawa ni kwenda na regulata dukani, ukaijaribishe kwenye mtungi wa kampuni ile ile.

Kimpira cha duara ndani ya mdomo wa mtungi. Chungulia na mwanga wa tochi: kuna kipete cheusi cha mpira ambacho regulata inakibana. Mitungi hii inazunguka mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo kimpira kinakauka, kinapasuka, na wakati mwingine hakipo kabisa. Hapo rudisha mtungi dukani ubadilishiwe. Wapo wanaokichokoa kwa bisibisi na kuweka cha bomba la maji. Gesi inautafuna mpira usio wake, na baada ya wiki chache unarudi kwenye harufu ile ile.

Ncha za mpira. Hapa nimeona kila aina ya ubunifu: waya wa kufungia nondo, ukanda wa tyubu ya baiskeli, gundi, hata mfuko wa plastiki ulioyeyushwa. Kinachotakiwa ni klipu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi, moja kila upande, ikaze bila kukata mpira. Na mpira uwe wa gesi. Mpira wa maji unaweza kuonekana mnene na mzuri, lakini gesi inaufanya ukakamae, na siku moja ukiupinda unapasuka kwa ndani. Wa gesi umeandikwa ubavuni kiwango chake na mwaka. Ukunje kwa vidole karibu na ncha: ukiona nyufa kama za kisigino kilichokauka, utupe.

Nati ya mtungi mkubwa. Mitungi mikubwa, mara nyingi hiyo ya kilo 38 na ile ya kilo 50 ya Kenya, ina koki ya kuzungusha kwa mkono, na regulata yake inafungwa kwa nati inayokaza kinyume, kuelekea kushoto. Angalia kingo za nati: ukiona imechongwa vipande vidogo kwenye pembe, hiyo ndiyo alama ya nyuzi za kinyume. Mtu asiyejua anakaza kumbe analegeza. Na usizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kinachoziba pale ni ncha ya shaba inayoketi ndani ya kiti chake, nyuzi hazizibi kitu. Tepu inazuia tu ncha isifike.

Mwili wa regulata. Povu likivimba kwenye kitundu kidogo cha juu au cha pembeni, ngozi ya mpira ya ndani imetoboka. Regulata haitengenezwi. Usiifungue, nunua nyingine.

Simama na uite mtaalamu hapa: mapovu yakitoka kwenye kiungo cha vali na mtungi wenyewe, au kwenye mshono wa mtungi, au kama mtungi unaendelea kupuliza hata ukivua regulata. Hakuna spana ya nyumbani inayomaliza hilo. Ubebe ukiwa wima, upeleke nje mahali pa wazi mbali na mfereji na chemba, zuia watu, piga kwa wakala aliyekuuzia na Zimamoto (Tanzania ni 114, Kenya 999 au 112). Kama unapuliza kwa nguvu, usiubebe. Ondokeni tu.

Gesi haitoki kabisa

Hili linatisha wateja kuliko mengine yote na mara nyingi ni jepesi.

Kama regulata yako ina saa juu yake, yaani kile kipimo cha presha chenye mshale, bonyeza ile saa. Regulata nyingi za namna hii zina kizuizi kinachofunga njia gesi ikitoka ghafla kwa wingi, kwa mfano mpira ukichomoka. Ukifungua wakati koki ya jiko iko wazi, kizuizi kinadhani mpira umekatika na kinafunga. Funga jiko, bonyeza saa mara mbili tatu mpaka mshale upande, kisha washa. Nimewahi kupanda bodaboda mpaka Kigamboni kwa ajili ya kubonyeza saa mara tatu. Nauli nililipwa, lakini mzee mwenye nyumba aliniangalia kama nimemwibia.

Kizuizi kikifunga tena na tena, usiendelee kubonyeza. Kinakwambia kuna mahali gesi inatoroka. Rudi kwenye povu.

Kama si hilo, tazama kama kishikio cha regulata kimegeuzwa upande wa kufungua; nyingine zinafungua kwa kuzungusha, nyingine kwa kubonyeza, na stika ya alama ya moto huwa imebanduka. Kisha kumbuka kwamba mpira mpya umejaa hewa, kwa hiyo jiko linahitaji sekunde kadhaa kabla gesi haijafika. Majiko yenye kisindano cha usalama pembeni ya kichomeo yanataka ubonyeze koki na kuishikilia kama sekunde 10 baada ya moto kushika, mpaka kisindano kipate joto. Ukiachia mapema linazima, na si ubovu.

Sababu ya mwisho ni pini. Ndani ya mdomo wa mtungi kuna kisindano ambacho regulata inatakiwa kukisukuma. Regulata isiyolingana inaweza kukaa sawa juu na isikifikie. Wapo wanaoongezea kipande cha msumari ili kifike. Kipande hicho kikikwama, vali haifungi tena hata ukivua regulata, na una mtungi mzima unaopuliza mikononi.

Moto mkubwa kupita kiasi, unanguruma au unaruka

Mama mmoja muuza chapati alihamia kwenye mtungi wa kilo 38 akabaki na jiko lake la pleti mbili. Dukani walimpa regulata ya kuzungusha kwa mkono, aghalabu ni zile nyekundu, wakamwambia hii ndiyo ya mtungi mkubwa. Nilipofika saa 12 asubuhi moto ulikuwa umeacha kichomeo kabisa, umesimama hewani kama kiganja juu yake, unapiga kelele kama kiwanda cha kukoboa. Bati la juu lilikuwa na duara jeusi la masizi. Yeye alikuwa anazungusha kidogo kidogo, akitafuta mahali moto utakapotulia. "Fundi, mtungi huu una hasira," akaniambia.

Mtungi haukuwa na hasira. Regulata zile ni za presha kubwa, zimetengenezwa kwa vichomeo vya kukaangia chipsi na vya kupikia wali wa harusi, na ukizungusha zaidi zinapeleka mpaka baa nzima na kupita. Jiko la milibaa 30 halina mahali pa kuipeleka presha hiyo: moto unaruka, koki za jiko zinaanza kuvuja kwa ndani, mpira wa kawaida unavimba. Ukubwa wa mtungi hauchagui regulata. Jiko ndilo linalochagua. Soma kibandiko nyuma ya jiko au chini yake. Kikisema milibaa 28 hadi 30, tafuta regulata ya presha ndogo yenye nati inayoingia kwenye mtungi wako mkubwa. Zipo, ila inabidi uulize kwa jina hilo: ya presha ndogo, ya kufunga kwa nati.

Nilimfungia hiyo. Mpira nilibadilisha pia, maana ulikuwa umeshaonja presha isiyo yake, na koki za jiko nikazipima kwa povu moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa imekwisha.

Kama regulata ni sahihi na bado moto unaruka, angalia tundu la hewa chini ya kichomeo. Likiwa wazi mno moto unainuka. Lifunge kidogo kidogo mpaka moto ukae. Na kama moto ulikuwa sawa kisha siku moja ukapanda wenyewe, regulata imekufa na inapitisha presha bila kuzuia. Funga mtungi, usipikie hata chai.

Mtungi uliolazwa nao unaleta moto wa kutisha. Ukilala, kinachofika kwenye regulata ni kimiminika badala ya mvuke, na kimiminika kikigeuka gesi kinapanuka zaidi ya mara 200. Mtungi usimame wima siku zote, hata ndani ya bajaji.

Moto mdogo, unafifia katikati ya kupika

Pima uzito kwanza. Mtungi una uzito wake mtupu umegongwa kwenye shingo au kwenye kola. Toa huo kwenye uzito wa mizani, kinachobaki ni gesi. Saa ya regulata haikwambii kiasi. Inasoma presha, na presha inabaki vile vile mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo, mradi kimiminika bado kimo. Mshale unaanza kushuka wakati umechelewa. Watu wengi hawaniamini kwenye hili mpaka siku wanaaibika na wageni.

Kama gesi ipo, fuata mpira kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Umekanyagwa na mguu wa meza? Umejikunja nyuma ya jiko? Mpira wa mita 1.5 unatosha nyumba nyingi. Wa mita nne uliozungushwa kama nyoka haukusaidii kitu. Nozeli nayo huziba, hasa baada ya uji kufurika. Izibue kwa kupuliza, au kwa unyoya mmoja wa brashi. Sindano inapanua tundu, na tundu likipanuka halirudi.

Sababu ya tatu inawapata wale waliohama kutoka kilo 6: walichukua jiko lile la juu ya mtungi wakaliunganisha kwa mpira kwenye regulata ya presha ndogo. Tundu lake la sindano lilitegemea presha ya mtungi. Sasa linapata milibaa 30, linatoa kamoto ka mshumaa. Hakuna cha kurekebisha hapo. Wala usiondoe regulata ili kuliridhisha. Mpira wa jikoni haukutengenezwa kubeba presha ya mtungi. Jiko hilo libaki na mtungi wake mdogo, ununue lingine.

Kinyume chake ni kichomeo kikubwa cha chipsi kwenye regulata ya nyumbani. Kila regulata imeandikwa ni kilo ngapi za gesi inaweza kupitisha kwa saa. Kichomeo cha kilowati 10 kinakula karibu kilo 0.8 kwa saa, na ukiongeza kingine cha aina hiyo kwa kiungo cha T, regulata ya kilo 1.5 inaanza kuishiwa pumzi. Moto wa kwanza unashuka kila ukiwasha wa pili. Hapo ndipo regulata ya presha kubwa inapostahili, pamoja na mpira wa presha kubwa, na mfumo ufungwe na fundi aliyesomea.

Sasa baridi. Kimiminika kinachemka ndani ya mtungi ili kutoa mvuke, na joto la kuchemkia kinalichukua kwenye ukuta wa mtungi. Ukivuta gesi nyingi kutoka mtungi mdogo, unatoka jasho, kisha unashika barafu kuanzia chini, moto unafifia ingawa gesi imo. Hii ndiyo faida ya kweli ya mtungi mkubwa: una ukuta mpana wa kupokea joto. Lakini Makete au Njombe mwezi wa Julai hata mkubwa unasumbua, hasa ukikaribia kuisha. Propani inachemka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inakoma karibu na sifuri. Propani inatangulia kutoka, inayobaki chini ni butani nzito isiyotaka kuamka alfajiri. Hamisha mtungi penye jua la asubuhi, punguza moto, pumzisha. Usiumwagie maji yanayochemka, usiusogeze kwenye mkaa, usiulaze. Nimeona makaa chini ya mtungi kwa macho yangu. Sitaki kuona tena.

Moto wa njano na sufuria zenye masizi

Moto mzuri ni wa bluu. Njano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, na pamoja na masizi kuna kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inamlaza mtu bila kumwamsha. Ukipata kichwa kuuma na kizunguzungu jikoni, zima, toka nje, ndipo utafute sababu.

Mara nyingi ni uchafu: kofia ya kichomeo imekaa upande, vitobo vimejaa mafuta, au buibui amejenga kwenye mrija wa hewa wakati jiko limekaa stoo. Ioshe, ikaushe kabisa, irudishe sawa. Kisha angalia tundu la hewa.

Vikishindikana, uliza jiko limetoka wapi. Majiko ya mtumba kutoka Ulaya mengi yalikuwa ya gesi asilia, na nyumba chache za Dar es Salaam na Mtwara zilizounganishwa gesi asilia nazo zina majiko ya namna hiyo. Nozeli zake zina matundu makubwa zaidi. Ukiliunganisha na mtungi linatoa moto mrefu wa njano hata ufanye nini na regulata. Dawa ni kubadilisha nozeli zote, za oveni pia, ziwe za gesi ya mtungi. Fundi akikwambia atapunguza tu kwenye koki, mshukuru na umsindikize.

Regulata ikipiga mluzi mdogo wakati kichomeo kimoja tu kinawaka, na povu halionyeshi kitu, mara nyingi ni ngozi ya ndani inayotetema. Jaribu kubadilisha kona ya mpira. Ikiendelea, au ukiwa umetumia regulata hiyo miaka kumi, ibadilishe.

"Nataka kujaza mdogo kutoka kwenye mkubwa"

Ninaulizwa kila wiki, na kuna watu mtaani wanaouza vifaa vyake. Jibu ni hapana, na sitaeleza inavyofanyika.

Sababu si ya sheria tu, ingawa wasimamizi wa nishati, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, wote wanawatafuta wanaofanya hivyo. Kiwandani mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi, kama asilimia 15 hadi 20, kwa sababu kimiminika kinavimba joto likipanda. Ukijaza kwa kukisia unaweza kuimaliza nafasi hiyo usijue, na mtungi ulioonekana salama usiku unaanza kutafuta pa kupumulia saa nane mchana. Wakati wa kupakua, gesi inayomwagika inatambaa chini kutafuta moto. Usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi, Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia kisicho na kibali katikati ya makazi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Vivyo hivyo majiko ya kopo, yale ya kubebea pikiniki. Kopo ni la kutumia mara moja, halijazwi. Na jiko lake limetengenezwa kwa presha ya butani ya kopo; viunganishi vinavyouzwa mtandaoni vya kulifunga kwenye mtungi mkubwa vinalipelekea presha ambayo vali yake haikupimiwa. Ukihitaji jiko dogo kwenye mtungi mkubwa, nunua la kuunganisha kwa mpira. La pleti moja linatosha.

Gesi inaisha haraka

Kwanza uliza mtungi ulikuja na kilo ngapi. Dukani dai mizani, ni haki yako. Soma uzito mtupu kwenye kola mwenyewe, usisomewe. Siku moja nilisimama na mteja wangu mtungi ukapungua kilo mbili kasoro. Muuzaji akautazama, akatazama mizani, akaleta mwingine bila kusema neno.

Uzito ukiwa kamili, fanya hesabu. Kichomeo cha kilowati 3 kikiwa wazi kabisa kinakula gramu 230 hivi kwa saa, kwa hiyo kilo 15 ni kama saa 65. Ukiwasha viwili pamoja, nusu ya hapo. Ukipikia saa tatu kwa siku kwa vichomeo viwili, siku 11 zimeisha na hujaibiwa. Kile cha chipsi cha kilowati 10 kinamaliza mtungi wa kilo 38 kwa saa 50 hivi.

Kama hesabu haikubali, pima uvujaji wa usiku: baada ya chakula funga koki za jiko lakini acha mtungi wazi, paka povu kila kiungo, subiri dakika kumi, tazama tena kwa tochi. Uvujaji mdogo haunuki sana jikoni penye hewa, na povu lake linavimba pole pole, kipovu kimoja kimoja. Ukishamaliza, funga mtungi ndipo ulale. Na kama hakuna kipovu hata kimoja, tazama kinachopikwa. Maharage makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa tatu. Yaliyolala kwenye maji usiku mzima yanaiva kwa karibu nusu ya muda huo.